Hirizi Chini ya Droo, Msalaba Ukutani

Kwa miaka minne duka langu lilikuwa na vitu viwili ambavyo havikupaswa kukaa chumba kimoja. Ukutani, juu ya rafu ya sabuni, palikuwa na msalaba wa mpingo niliopewa siku ya ndoa yangu. Na chini ya droo ya fedha, ikiwa imebanwa kwa misumari miwili midogo, palikuwa na hirizi ya kitambaa cheusi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Wateja waliuona msalaba. Hirizi niliijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani, kwa maana baadaye mke wangu alinieleza kwamba vidole vyake vilikuwa vikiigusa kila alipoingiza mkono kutafuta chenji, naye alinyamaza akisubiri niseme mwenyewe.

Vijana wa kanisani kwetu hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, huniuliza mara kwa mara namna ya kusimama kama Mkristo mahali ambapo ushirikina uko kila kona na ujanja ndio unaoitwa akili. Nimeona heri nijibu kwa maandishi, na nijibu kwa yale yaliyonipata, kwa sababu ya kusikia tu wanayo mengi.

Hirizi ile niliinunua kwa hofu ya chuma ulete. Jioni nilipokuwa nikifunga hesabu, fedha zilikuwa pungufu karibu kila siku, na mwenye duka mwenzangu akanihakikishia kwamba kuna mteja anayekuja na noti yenye dawa, akiondoka huvuta mauzo yote ya siku. Nilikwenda kwa mganga aliyekuwa amepanga chumba karibu na stendi, nikatoa shilingi 30,000, nikarudi na zindiko langu. Upungufu haukukoma. Ulikoma miezi mingi baadaye, mke wangu alipoanza kuandika kila kitu kinachotoka kwa mkopo, ikiwemo sukari na mafuta niliyokuwa nikiwapa jamaa zangu kwa maneno matupu na kuyasahau kabla ya jua kuzama. Chuma ulete wangu alikuwa ni kalamu isiyotumika. Hata hivyo sikuing'oa hirizi, na hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa kuwa hofu ikishaingia haiondoki kwa sababu tu umepata maelezo. Nilijiambia kwamba huenda bila hirizi hali ingekuwa mbaya zaidi.

Basi hilo ni giza ambalo kila mhubiri analijua na kila mkutano wa injili unalikemea. Lipo lingine ambalo katika kanisa letu hakuna aliyelikemea, na mimi nilipongezwa kwa ajili yake.

Anayeishi mikoa ya Kusini hahitaji kuelezwa kangomba, lakini kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu wa chama cha msingi cha ushirika, ambapo mara nyingi mwenye fedha humpa mkulima pesa wakati korosho bado ni maua, kisha wakati wa mavuno anachukua mzigo kwa bei waliyokubaliana siku ya njaa. Kati ya Mei na Agosti mkulima ana palizi, ana salfa ya kupulizia ili ubwiri unga usiue maua, ana watoto wa shule, na pengine ana kijana wa kupeleka jandoni. Mimi nilikuwa na duka na akiba kidogo. Mwaka 2017, msimu ambao bei ya mnada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, mimi nilikuwa nimeshanunua korosho za watu kumi na mmoja kwa shilingi 1,200, na kilo yenyewe niliipima kwa bakuli la plastiki la rangi ya bluu, likijazwa mpaka korosho zifanye kichuguu juu ya ukingo.

Jioni moja mke wangu alilichukua bakuli lile likiwa limejaa, akalimimina kwenye mizani yetu ya sukari. Mshale ulisimama kwenye kilo moja na robo, ukayumba, ukapita kidogo. Hakusema neno. Alizirudisha korosho guniani, akafuta sahani ya mizani kwa pindo la kanga yake, akaenda kupika. Nilikasirika usiku ule kuliko ambavyo ningekasirika kama angenitukana.

Kutokana na faida ya msimu ule nilitoa mabati kumi kwa ajili ya nyumba ya mtumishi, nami nikasimamishwa mbele ya waumini na kuambiwa kwamba Mungu amenijalia akili ya biashara. Nilikuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyeuliza mabati yametoka kwa nani, na kwa kweli wenye mabati yao walikuwa wamekaa humo humo, kwenye mabenchi ya nyuma, wakipiga makofi pamoja na wengine.

Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anaposema juu ya hekima isiyoshuka kutoka juu, anaiita ya dunia, ya tabia ya kibinadamu, na ya Shetani. Maneno hayo matatu ameyaweka katika mstari mmoja, lakini sisi tumeyatenganisha: lile la tatu tunaliachia waganga, wachawi na mapepo, na yale mawili ya mwanzo tunayapa jina la maendeleo. Mimi niliyaishi yote kwa pamoja na ninaweza kushuhudia kwamba hayana mpaka. Mkono ulioibana hirizi chini ya droo ndio uliolijaza bakuli, na kilichousukuma mara zote mbili ni hofu ya kwamba Mungu hatanitosha, hivyo ni lazima nijiongezee ulinzi huku na nijiongezee fedha kule.

Nina sababu ya kuona aibu ya pekee, nayo ni mji wenyewe. Masasi ya Wakristo ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika hapa kutoka pwani pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Safari ilikuwa imekusudiwa kwenda mpaka Ziwa Nyasa, lakini walipoiona nchi hii walikaa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla ya hapo. Kabla ya kufungwa, biashara ile ilikuwa na madaftari, wakopeshaji, wapagazi na wafanyabiashara waliosifiwa kwa akili zao, na mtu aliyeikataa alionekana mjinga. Waliojenga kanisa la kwanza hapa walikuwa watu waliowahi kupangiwa bei wakiwa wanyonge. Nami niliketi katika kanisa walilolianzisha, nikiwapangia bei jirani zangu wakiwa na njaa.

Hapa niweke jambo pembeni, kwa kuwa vijana wengi huchanganya. Si kila cha jadi ni giza. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakulifuta jando, bali alilichambua, akayaondoa yasiyopatana na imani na kuyaweka mengine chini ya uangalizi wa kanisa, jambo lililobishaniwa sana. Mtu anayeitupa kila mila ya babu zake huku akikopesha kwa riba ya kumkausha mwenzake damu hajatoka gizani. Amebadilisha chumba tu. Wala giza si jirani yako mwenye dini nyingine. Huku kwetu Waislamu ni wengi, na aliyenizindua mimi, baada ya mke wangu, ni Mwislamu.

Ni fundi cherehani ambaye baraza yake inatazamana na duka langu. Mwaka 2018, mwezi wa sita, nilimshauri tuunganishe fedha zetu tuingie kangomba kwa ukubwa zaidi. Alisimamisha mguu kwenye pedeli, akanitazama juu ya miwani yake. “Mzee mwenzangu,” akasema, “mimi siwezi kukufundisha dini yako. Ya kwangu inanikataza riba. Sasa yako imekuruhusu, au hujaiuliza?” Kisha akaendelea kushona. Kwa kweli sikuwa nimeiuliza.

Niliendelea peke yangu. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba jeshi litazisomba. Likafuata zoezi la uhakiki: anayeuza aonyeshe shamba. Mimi nilikuwa na magunia kumi na mawili stoo na sikuwa na mkorosho hata mmoja.

Katika siku tatu zilizofuata nilijifunza mengi kuliko katika miaka yangu yote ya kusikiliza mahubiri. Siku ya kwanza akili ya dunia ilinipa jibu jepesi: shemeji yangu ana shamba, aseme ni langu. Shemeji alikubali, akataka magunia mawili. Siku ya pili nilianza kuogopa kwamba majirani zake watasema, na rafiki yangu mmoja akanipa jibu la pili: kuna mtu anaweza kuwafumba macho wahakiki wasione tofauti. Nilijikuta tayari nimeshashika nauli mkononi. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nilishaapa, wakati wa Kwaresima, kutorudi kwa mganga. Angalia jinsi uongo ulivyonisindikiza mpaka mlangoni kwa mganga bila kunisukuma. Palikuwa na hatua moja tu katikati, nami nilikuwa ninaiinulia mguu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa padri. Nilitarajia maombi, na pengine kufunga. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Daftari liko wapi?” Nilipolileta tuliketi tukapitia jina kwa jina, na kila jina aliniuliza mtu huyo anakaa wapi na ana watoto wangapi. Ni baada ya hapo ndipo tuliposali. Hirizi niliing'oa jioni hiyo mbele ya mke wangu. Tulipoifumua tulikuta kipande cha mkaa, mzizi mkavu, na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa, yenye mistari, isiyoandikwa kitu.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: usianze kutafuta giza lako pale unapoonywa, anza pale unapopongezwa. Kwenye makosa ambayo kanisa lako linayakemea umeshajifunza kujificha au kutubu. Kwenye yale linayoyapigia makofi hujawahi hata kuangalia. Kijana anayekopesha wenzake kwa simu kwa masharti ya kausha damu na kutoa zaka kwa uaminifu ataambiwa amebarikiwa, na hakuna atakayemwekea mikono kumwombea afunguliwe.

La pili, hofu ya uchawi usiidharau wala usiicheke. Nimeona wahubiri wakiwacheka wazee waliofunga nyuzi viunoni, na wale wazee wakaongeza nyuzi. Aliyewahi kuamka usiku akisikia kishindo juu ya bati na mtoto ana homa anajua kwamba dhihaka haimtoi mtu pale. Kinachomtoa ni mtu wa kukesha naye, kumpeleka mtoto hospitali, na kurudi tena kesho yake. Na uangalie usimtoe kwenye hirizi ukamwingiza kwenye mafuta na maji ya kununua kanisani, kwani hofu ni ile ile ila imebadilisha muuzaji. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa yana upako. Walikuwa Wakristo wenye shida za kweli, na siwezi kuwahukumu, kwa sababu najua ningekimbia nao.

La tatu, toba iwe na majina na kiasi. Waefeso walioamini, tunasoma katika Matendo sura ya 19, walichoma vitabu vyao vya uganga baada ya kuhesabu thamani yake, fedha elfu hamsini. Na Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mimi niliwarudishia wenye korosho magunia yao, wakayapeleka kwenye chama kwa majina yao, nikawaomba wanirudishie tu fedha niliyowakopesha. Malipo yalichelewa. Wengine walilipa, wengine hawakulipa mpaka leo, nami nilipoteza kama shilingi 400,000 na rafu mbili za duka zikabaki tupu mwaka mzima. Asikudanganye mtu kwamba ukitubu biashara itanyooka mwezi huo huo. Nililala usingizi, ndiyo, lakini nililala nikiwa nadaiwa.

Baada ya hapo zilibaki korosho za msimu wa 2017, zilizokuwa zimeshauzwa na kuliwa. Hizo nimekuwa nikizilipa kidogo kidogo kila mwaka, tofauti ya bei pamoja na ile robo ya bakuli. Wawili sijawapata, mmoja inasemekana alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake Msumbiji.

Wa mwisho niliyemfikia ni bibi mmoja mjane katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Newala. Nilimkuta barazani akibangua korosho za mboga, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza kwa kirefu na kumwomba radhi, nikampa fedha ndani ya bahasha. Alijifuta mikono, akazitoa, akazihesabu mara mbili mbele yangu bila haraka.

“Bado elfu nne, mwanangu,” akasema. “Kuna bakuli mbili ulirudi kuzichukua Jumapili, baada ya ibada.”

Nilibisha kidogo, kwa upole. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari, na pembeni ya ukurasa, kwa penseli, zilikuwepo bakuli mbili ambazo sikuzijumlisha. Kwa tofauti ya bei pamoja na ile robo, zilitakiwa zaidi ya elfu saba, si nne. Nilizipeleka Jumamosi.