Ukinunua mashine ya sukari, angalia stripu kwanza

Mama anaishi Tukuyu na ana kisukari. Stripu zake, vile vipande vyembamba vinavyochomekwa kwenye mashine ya kupimia sukari ya damu, nazinunua mimi Mbeya mjini. Dukani watu huulizia mashine: kioo, betri, bei. Mimi naulizia stripu, maana kazi yote inafanyika kwenye kale kancha kanakofyonza damu.

Stripu nyingi zimepakwa kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia, kinachoitwa glukosi oksidesi. Detlev Müller alikigundua mwaka 1928 kwenye Aspergillus niger, ukungu mweusi tunaoukuta kwenye maganda ya vitunguu pale soko la Mwanjelwa. Huo unaoutupa jalalani! Kimeng'enya hiki huinyang'anya glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, elektroni. Kwa asili yake huzikabidhi kwa oksijeni, ikatokea haidrojeni peroksaidi. Ndani ya stripu kuna kemikali nyingine ya kuzipokea, na mashine husoma umeme unaopita.

Sasa, kimeng'enya ni protini, na unyevu hukiharibu. Kwa mvua za Tukuyu, hilo si jambo dogo. Kifuniko cha kopo kisikae wazi hata dakika chache: toa stripu moja, funga, ndipo umchome kidole. Usizihamishie kwenye kopo jingine, usiziweke kwenye friji, wala karibu na mafiga. Mwezi wa Juni na Julai baridi ikikaza, acha mashine na stripu zikae kwanza sebuleni zipate joto la kawaida.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Mama akimenya ndizi mbivu halafu akapima, sukari ya tunda iliyobaki kidoleni inasomwa kama ya damu. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi.

Kuna suala la mwinuko pia, ambalo wauzaji hawaligusi. Hewa ikiwa na oksijeni kidogo, baadhi ya mashine zenye kimeng'enya hiki husoma juu kuliko ilivyo. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700, na mashine nyingi zinavumilia. Lakini kama mgonjwa wako yuko huko juu Kitulo, fungua ile karatasi ya maelezo utafute kikomo cha mwinuko kabla hujalipa.

Namba ikikushangaza, nawa, chukua stripu mpya, pima tena. Ikirudi ile ile, au mgonjwa anatetemeka na kutoka jasho, mpeleke hospitali. Dozi ya insulini usiibadilishe kwa kusoma mara moja.