Barua kwa mwanangu: Misimu mitatu ya Maurice Stokes

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mtu aliyecheza misimu 3 tu, tena bila kutwaa ubingwa hata mara moja, aliingiaje kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu kule Springfield, Marekani. Ukaongeza kwamba pengine walimwonea huruma kwa yaliyompata. Hapo nimeona nikujibu kwa kirefu, maana wengi wanamjua Maurice Stokes mgonjwa, wachache wanamjua mchezaji.

Alizaliwa mwaka 1933 karibu na Pittsburgh, akasoma Saint Francis, chuo kidogo cha Loretto, Pennsylvania. Mwaka 1955 Rochester Royals, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, wakamsajili. Mechi yake ya kwanza kabisa alipata pointi 32 na ribaundi 20, yaani mipira inayodakwa baada ya mtu kurusha na kukosa kikapu, na akatoa pasi 8 zilizozaa vikapu. Mwisho wa msimu akatajwa mchezaji bora chipukizi. Msimu uliofuata alidaka ribaundi 1,256, rekodi ya ligi kwa wakati ule.

Alikuwa na urefu wa mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 100, lakini sifa yake haikuwa nguvu peke yake. Zama zile mtu wa umbo lake kazi yake ilikuwa kukaa chini ya ringi, kudaka mpira na kumpa mfupi aupandishe. Stokes akishaudaka aliondoka nao mwenyewe, akiudunda hadi upande wa pili, na akifika huko anagawa pasi. Msimu wa 1957-58, timu ikiwa imehamia Cincinnati, alikuwa wa pili kwa ribaundi nyuma ya Bill Russell, na wa tatu kwa pasi za vikapu katika ligi nzima. Mtu yule yule! Hao warefu wa leo unaowashangilia kwa kupanga mashambulizi, yeye alikuwa anayafanya hayo kabla baba yako hajajua mpira wa kikapu ni nini. Huruma haikuhitajika hapo, mwanangu.

Tarehe 12 Machi 1958, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Royals walikuwa Minneapolis. Stokes aliingia na mpira kuelekea kikapuni, akaanguka vibaya, kichwa kikagonga sakafu, akazimia. Wakamzindua, akarudi kucheza. Siku 3 baadaye, kwenye mechi ya mtoano, akacheza tena Detroit, pointi 12 na ribaundi 15. Ndani ya ndege ya kurudi nyumbani hali ikabadilika ghafla. Alipoteza fahamu, na alipozinduka mwili mzima ulikuwa umepooza. Inaniuma kila nikifikiria kwamba alipandishwa uwanjani tena baada ya kuanguka vile. Leo mchezaji aliyezimia hivyo haruhusiwi kugusa mpira mpaka madaktari waridhike.

Aliyebeba mzigo ni mchezaji mwenzake, Jack Twyman, Mzungu, wakati Marekani ikiwa bado imegawanyika kwa rangi. Alikubali kuwa mlezi wake wa kisheria, akapigania fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini katika jimbo la Ohio, na kila mwaka akaandaa mechi ya hisani huko Catskills, New York, ambako nyota wa ligi walikwenda kucheza ili bili za hospitali zilipwe. Stokes hakuweza kusema. Basi Twyman alikaa kando ya kitanda akitaja herufi za alfabeti moja baada ya nyingine, na herufi inayotakiwa ikifika, Stokes anapepesa jicho. Neno moja lilijengwa hivyo mpaka likatimia.

Alifariki tarehe 6 Aprili 1970, akiwa na miaka 36, akazikwa Saint Francis kama alivyoomba. Jumba la Heshima lilimfungulia mlango mwaka 2004, na mimi nasema walichelewa mno. Twyman, wakati huo akiwa mzee, ndiye aliyesimama kuipokea heshima hiyo kwa niaba yake.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako