Mfumo unaogoma kwa "ng'ombe", na maswali mengine

Nina duka la dawa za mifugo Usa River. Mfumo wangu wa mauzo ni wa PHP na MySQL. Nikitafuta dawa ya "mbuzi" inakuja. Nikiandika "ng'ombe" linatokea kosa. Kwa nini?

Ni ile alama iliyo katikati ya neno. Kwenye SQL, lugha ambayo mfumo huitumia kuzungumza na kanzidata (hifadhi ya taarifa zako), alama hiyo hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, kwa hiyo mfumo ukifika "ng" unadhani neno limekwisha, na "ombe" inayobaki unaisoma kama amri. Wewe umepata kosa tu. Mwenye nia mbaya ataandika amri ya kweli, nayo itatekelezwa. Kwa tundu la aina hii, mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, zote zimehifadhiwa waziwazi.

Aliyekutengenezea asikupoze kwa kuipiga marufuku alama hiyo kwenye fomu. Utaishia kuuza dawa za "ngombe", na tundu litabaki palepale. Atumie amri zilizoandaliwa: katika PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata, ni `prepare()` kisha `execute()`, ambapo neno la mteja hutenganishwa na amri, lisiweze kugeuka amri. Afanye hivyo kila mahali maandishi yanapoingia, siyo kwenye kisanduku cha kutafutia peke yake.

Tunapandisha wageni Kilimanjaro, ofisi iko Moshi mjini. Tovuti yetu inaingia kwenye kanzidata kama `root`, yaani mtumiaji mkuu. Fundi anasema haina neno kwa sababu nywila ni ndefu.

Ina neno, tena kubwa. Anayepenya kwa tundu kama la huyo wa Usa River haulizwi nywila. Anatumia mamlaka ambayo tovuti tayari inayo. Kwa `root` mamlaka hayo ni yote: kusoma taarifa za pasipoti za wageni wenu, kufuta majedwali, hata kujitengenezea mtumiaji mpya wa kurudia kesho.

Tovuti ipewe mtumiaji wake:

`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON safari.* TO 'tovuti'@'localhost';`

Hapo ina ruhusa ya kusoma (`SELECT`), kuongeza (`INSERT`) na kubadilisha (`UPDATE`) taarifa; imetosha kupokea maombi ya wageni. Mhasibu anayetoa ripoti apewe mwingine mwenye `SELECT` tu. Kubadili muundo wa majedwali ni kazi ya fundi, kwa mtumiaji wake mwenyewe. Poti 3306, mlango wa MySQL, isifikike kutoka intaneti. Na kama nywila ya kanzidata iliwahi kupandishwa GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, pamoja na msimbo, kufuta faili hakusaidii, kwani historia inaitunza. Ibadilisheni.

Chuoni tulifundishwa kuficha nywila kwa MD5. Bado inafaa? (Mwanafunzi, Njiro)

Haifai. MD5 ni ya mwaka 1992 na sifa yake ni kasi, na kasi hapa inamnufaisha mwizi: kadi moja ya michoro hujaribu mabilioni ya nywila kwa sekunde. Tumia `password_hash()`, iliyomo ndani ya PHP tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Inachagua bcrypt, njia ya kuficha nywila iliyo polepole kwa makusudi, na kila nywila inaongezewa "chumvi" yake, yaani herufi za kubahatisha. Safu ya jedwali inayotunza nywila iwe `VARCHAR(255)`.

SACCOS yetu, Kibosho, inatuma namba ya uthibitisho kwa SMS. Inatosha?

Kwa mwanachama mwenye kitochi, sawa. Kwa meneja na keshia hapana, maana laini inaweza kusajiliwa upya na tapeli. Wao watumie programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30. Haihitaji mtandao, jambo linalofaa sana huko mlimani.

Wote ofisini tunatumia akaunti moja ya "admin". Mhasibu ameacha kazi mwezi uliopita. Tumebadilisha nywila, lakini tunaona bado kuna anayeingia. (Sakina, Arusha)

Inawezekana haingii upya, hajawahi kutoka. Mifumo mingi haikati sesheni (miingio) zilizo wazi nywila inapobadilishwa. Mwambieni fundi azifute zote leo, hata kama kila mtu atalazimika kuingia tena. Kisha kila mmoja awe na akaunti yake na hiyo "admin" ifungwe, ama sivyo hamtajua kamwe ni nani aliyebadilisha ankara ipi.