Muulize Fundi: Taa ya dagaa itaje chaji yake

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo cha ufundi, nyumbani ni Nansio, Ukerewe. Mjomba wangu anavua dagaa kwa taa za LED zinazoelea, kila moja na betri yake. Nataka taa itume kiwango cha chaji kwa mwanga wake wenyewe, mtumbwi upokee bila simu wala redio. Nimetumia Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kuprogramu: moja nawasha, sifuri nazima, biti 50 kwa sekunde. Kipokezi ni kipande cha sola. Herufi nyingi zinapotea, taa inapepesa vibaya, na taa ya umeme ikiwaka chumbani napokea takataka tupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekulia Igombe, enzi za karabai. Karabai ikianza kuchoka, baba aliisikia kwa mlio wake, akaipampu. LED hailii. Inazimika ghafla dagaa wakiwa wamekwisha kusanyika, na kazi ya usiku inaharibika. Kwa hiyo kifaa chako kinahitajika kweli.

Nyaya zako sidhani kama zina kosa. Tatizo ni namna unavyoupakia ujumbe kwenye mwanga, yaani modulesheni. Tazama herufi A inavyoandikwa kwa biti: 01000001. Taa inawaka biti mbili tu kati ya nane. Ikifuata o ndogo, 01101111, inawaka sita. Mwanga unapanda na kushuka kufuata herufi, na kwa kasi yako ndogo jicho linauona. Halafu kwenye zile sifuri tano mfululizo kipokezi hakioni badiliko lolote la kuhesabia, saa yake inateleza na herufi inapotea.

Tumia mtindo wa Manchester. Kila biti ikate nusu mbili: sifuri ni waka-zima, moja ni zima-waka. A inakuwa 10 01 10 10 10 10 10 01. Hesabu mwenyewe: nane zinawaka, nane zimezima. Iandike o hivyo hivyo, utapata nane kwa nane tena. Mwanga unatulia, na kila biti ina badiliko katikati ambalo kipokezi kinalishika.

Panda hadi biti 2000 kwa sekunde. Kanuni ya mawasiliano ya mwanga ya IEEE 802.15.7 ya mwaka 2011 ilitaka badiliko la mwanga lisichukue zaidi ya 1/200 ya sekunde, ili jicho lisione kupepesa. Hapo utakuwa mbali na hatari hiyo. Sola iache, ni nzito kufuata kasi. Nunua fotodaiodi, kihisi kidogo cha mwanga kilicho chepesi.

Takataka za chumbani zinatokana na umeme wetu wa 50 Hz, unaofanya taa nyingi zipwite mara 100 kwa sekunde. Weka kapasita mfululizo baada ya kikuza ishara cha fotodaiodi, izuie mapigo hayo ya polepole. Manchester inapita vizuri kwa sababu haina sehemu ya polepole ya kupoteza.

Ila mjomba atakuuliza mwanga wake umeenda wapi, kwani Manchester inakula nusu, na dagaa wanafuata mwanga. Mezani anza nayo. Ziwani hamia VPPM, mtindo unaobeba ujumbe kwa mahali giza linapokaa ndani ya biti. Taa inawaka, tuseme, asilimia 80 ya kila biti, na giza fupi ndilo linalosema: likija mwishoni ni sifuri, likija mwanzoni ni moja. Kila ujumbe utangulize moja na sifuri zinazopishana, kipokezi kishike mapigo kwanza.

Utakutana na OFDM vitabuni, njia ya kugawa ujumbe kwenye masafa mengi kwa pamoja. Iache. Hiyo ni ya mamilioni ya biti. Wewe unatuma namba ya taa na volti za betri.

Fotodaiodi ichomeke ndani ya bomba jeusi la plastiki, urefu wa kiganja, isichanganye taa ya jirani. Jaribu siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika ufukweni. Mjomba hatakuwa na haraka ya kurudishiwa taa zake.