Re: Kocha mwenye ushindi mwingi hivi, mbona hana hata taji moja?

Habari ndugu. Umekwama kwa Mike Martin, kocha wa besiboli wa chuo kikuu cha Florida State: ushindi 2,029, ubingwa wa taifa hakuna, ukahisi takwimu zimekosewa. Ziko sawa.

Nikisoma rekodi ya kocha wa besiboli ya vyuo Marekani, kwanza natenganisha msimu na Omaha, mji zinakochezwa fainali za taifa. Martin alikaa misimu 40, 1980 hadi 2019, na kila msimu alishinda mechi 40 au zaidi. Ndiyo maana hesabu yake ni kubwa vile. Omaha ni habari nyingine kabisa: timu nane, na hatua ya mwanzo ukipoteza mechi mbili unafungasha virago. Alifika huko mara 17. Mwaka 1999 alicheza mechi ya ubingwa na Miami, akalala 6-5. Alama moja tu, jamani! Inaniuma mpaka leo.

Mlinganishe na kocha mwenzake Augie Garrido, ambaye Martin alimpita kwa idadi ya ushindi 2018: ushindi 1,975, mataji matano, matatu na chuo cha Fullerton na mawili na chuo cha Texas. Binafsi bado namweka Martin juu, maana kutoyumba miaka 40 ni kazi nzito. Ila ukitafuta mataji, anza na Rod Dedeaux, kocha wa chuo cha USC. Anayo 11.