Daktari, hii njia ya kutengeneza maksini ni salama kweli?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mi nasoma masters ya kemia hapa Dar, msimamizi wangu kanipa kazi ya kutengeneza maksini kwa ajili ya elektrodi za betri za sodiamu. Nimesoma sehemu kwamba ukichanganya asidi ya haidrokloriki na lithiamu floridi huhitaji tena ile HF, asidi ya haidrofloriki, kwa hiyo mambo ni salama. Maabara yetu ina glavu nyembamba na bika za kioo. Naweza kuanza? Na huo unga hauingii mapafuni? – Binti wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze kwanza, na nashukuru sana umeuliza mapema.

Kwa wasomaji wengine, maksini (wenyewe wanaandika MXene) ilipatikana 2011 kule Drexel University, Philadelphia, akina Michael Naguib, Yury Gogotsi na Michel Barsoum walichukua unga wa titani, alumini na kaboni ambao ndani yake umejipanga matabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri, wakauloweka kwenye HF, asidi ikala alumini ya katikati, zikabaki karatasi zenye unene wa kama nanomita 1 tu (sehemu moja ya bilioni ya mita). Zinapitisha umeme vizuri na ayoni (chembe zenye chaji) za lithiamu au sodiamu zinaingia katikati yake, ndo maana watu wa betri wanazipenda.

Sasa hapo kwenye "huhitaji HF" ndo pana shida. Haidrokloriki ikikutana na lithiamu floridi inatengeneza HF humohumo kwenye chupa, na hiyo HF ndo inayofanya kazi. Faida ipo, humimini HF kali kwa mkono wako, lakini asidi ni ileile.

Na hiyo asidi haina tabia ya wenzake. Ikiwa nyepesi inaweza kugusa ngozi usisikie kitu kwa masaa, inazama ndani taratibu, floridi yake inakamata kalsiamu ya mwili, na moyo unaitegemea hiyo kalsiamu kupiga, kwa hiyo ikikumwagikia sehemu kubwa inaua. Mwenzangu mmoja tone lilimpenya chini ya kucha mchana, akaendelea na kazi, usiku akaamka analia kidole kama kinachomwa na pasi.

Kwa hiyo kabla ya chochote nunueni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, ikae mezani sio stoo. Asidi ikikugusa vua nguo iliyolowa, osha na maji mengi, paka jeli huku mwenzio anaita gari la hospitali, na waambie kabisa ni HF. Usifanye peke yako. Zile glavu nyembamba hazitoshi, tafuta nene za neopreni, ngao ya uso, kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi kweli. Bika za kioo weka pembeni, HF inakula kioo, tumia vyombo vya plastiki.

Ule unga wa titani, alumini na kaboni mimina kwenye asidi kidogokidogo chupa ikiwa kwenye barafu, maana alumini inatoa joto na haidrojeni, na kifuniko usikaze. Wengi wanaumia wakati wa kuosha maksini, wameshavua ngao wakidhani kazi imeisha, kumbe maji ya kwanza ya sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi ili unga utengane na maji, bado ni asidi tupu. Vaa mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ifike kama 6.

Mapafu: unga wa maksini ukiwa umelowa hauna neno sana, hatari ni ukikauka ukaanza kuusaga au kuukwangua, hapo fanyia ndani ya kabati na barakoa ya N95. Utasikia watu wanataja jaribio lililotangazwa 2024 kule Edinburgh ambapo watu 14 walivuta grafini oksidi safi (nayo ni karatasi nyembamba sana, ila za kaboni na oksijeni) kwa masaa mawili wakiendesha baiskeli, hawakupata madhara ya muda mfupi. Nafurahi, ila ile ni grafini oksidi, tena mara chache, wewe utakaa na maksini miaka miwili.

Maji ya kuoshea usimwage kwenye sinki. Yakusanye kwenye ndoo ya plastiki, tia chokaa taratibu humohumo ndani ya kabati, floridi itashuka chini kama tope jeupe, hilo ndo mnalikabidhi kwa mhusika wa taka za kemikali.