Hilux ya kilomita 380,000: tazama chesisi kwanza

Mkuu, umeuliza kama uichukue hiyo Hilux ya 3L kwa sababu bei ni poa ila imetembea kilomita 380,000. Mimi kilomita hazinitishi sana. 3L ni injini ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo, haina mambo mengi, na fundi wa mtaani anaijua. Ninachoogopa ni kutu na mizigo iliyobebeshwa.

Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, ujue kuna kitu anakificha. Ikiwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe muda mrefu, fikiria nozeli, pampu au kompresheni. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Ikipumua kwa nguvu na kutema oili, huenda ringi za pistoni zimechoka, na hapo jiandae kufungua injini au kununua nyingine.

Lala chini uigongegonge chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa nyundo ndogo, hasa karibu na springi za nyuma. Imepakwa rangi mpya chini tu? Mh! Huenda inaficha kutu. Mimi niliwahi kununua pikapu iliyopakwa hivyo, miezi mitatu baadaye nikawa mteja wa kudumu wa fundi wa kuchomelea.

Kadi ya gari isome jina la anayekuuzia, na uangalie madeni ya faini za trafiki kabla ya kulipa. Halafu bakiza pesa ya matairi, bushi na difu (gia za ekseli ya nyuma). Kama bajeti yote inaishia kwenye bei ya gari, iache.